Vitunguu na Liki Katika Bustani ya Nyumbani

Ni nadra kuona mchuzi usioanzwa kwa kitunguu, na hata hivyo ni wachache wenye bustani ya mboga walimao vitunguu vyao wenyewe. Sukuma wiki utaiona karibu kila ua; kitunguu hununuliwa, na vingi vya sokoni hutoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Karani mwenye mshahara wa mwezi hununua kimoja kimoja dukani, na hakuna ununuzi ulio ghali kuliko huo.

Jambo la kwanza ni mbegu. Kitunguu huufuata urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini hungoja mchana wa saa 14 au zaidi ndipo zifanye kichwa. Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo aipandaye mbegu ya namna hiyo atapata majani mazuri na shingo nene, lakini kitunguu hatakiona, na msimu mzima umekwenda bure. Chagua Red Creole au Bombay Red, zilizozoeleka hapa. Tena itazame tarehe ya pakiti, maana mbegu ya kitunguu hufa upesi. Iliyokaa miaka miwili si ya kutegemewa.

Kitalu kiwe na upana wa mita 1, upate kupalilia bila kukikanyaga. Tia samadi iliyooza kabisa, sia kwa mistari, fukia kwa kina cha sentimita 1, funika kwa nyasi kavu, nawe uziondoe miche ichomozapo. Baada ya majuma 6 hadi 8 mche huwa mnene kama kalamu ya risasi. Uhamishe wakati wa jioni, sentimita 10 kati ya mche na mche, na 30 kati ya mistari. Usiuzike sana, kwa kuwa kitunguu hupenda kukaa karibu na uso wa ardhi. Majani yake membamba hayatoi kivuli cha kuzuia magugu, na mizizi yake i juu juu, basi palilia kwa mkono, jembe litaikata.

Kiangazini vijidudu vidogo sana hujificha penye maungio ya majani na kuyafyonza mpaka yawe na rangi ya fedha. Wakati wa mvua huja ukungu wenye mabaka ya zambarau. Shamba lililotoka kuvunwa vitunguu lipumzishwe miaka 3 kwa mazao mengine. Kitunguu hupenda jua na hewa kavu, mradi maji yapo: Perkerra, karibu na Marigat, ambako skimu ya umwagiliaji ilianzishwa mwaka 1954 kwa kazi ya watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, kitunguu kilikuwa zao kubwa kwa miaka mingi.

Lakini mavuno ndiyo yanayowapotezea wengi faida. Mchuuzi huja na lori majani yakiwa bado mabichi, karo ya shule inadaiwa, na mkulima hung'oa. Kitunguu chenye shingo mbichi huoza, na bei yake huwa ya huyo mchuuzi. Zaidi ya nusu ya majani yakiisha kulala, acha kumwagilia. Ng'oa kukiwa kukavu, uvianike kivulini mpaka shingo zikauke na maganda yalie mkononi. Kisha viweke juu ya kichanja kinachopitisha upepo, mbali na viazi. Vilivyokaushwa hivyo hukaa miezi kadhaa, nawe utauza utakapo.

Liki haina taabu hii, kwa kuwa haifanyi kichwa. Hupenda baridi ya Limuru, Kinangop au Molo. Toboa shimo la sentimita 15 kwa kijiti, dumbukiza mche, mimina maji tu bila kufukia. Udongo utaporomoka wenyewe. Iendeleapo kukua ipandishie udongo, shina liwe jeupe na laini. Hung'olewa moja moja kadiri ya haja ya jikoni, nyingine zikingoja ardhini. Ipasue kwa urefu kabla ya kuiosha, maana mchanga hujificha kati ya majani yake.