Kumetameta kwa Nyota Si Kuyumba Kwake

Swali linalorudi Singida kila kiangazi, anga linapotakata, ni kama nyota inayometameta kuliko wenzake ndiyo inayoyumbishwa na sayari, na jibu lake, ambalo limekwisha kutolewa mara nyingi mno, ni hapana. Kumetameta hakutokani na nyota hata kidogo, bali na hewa ya Dunia, ambayo matabaka yake ya joto na baridi huupinda mwanga huku na huku mara nyingi kwa sekunde moja, na mkoa wenye upepo kama Singida hauwezi kukosa nyota zinazorukaruka. Anayeshuku na aitazame nyota moja inapochomoza, mwanga wake ukipenya hewa nene ya upeoni, kisha airudie ikiwa utosini, ataikuta imetulia, ilhali hakuna sayari iliyopotea kati ya saa hizo mbili. Tena, kuyumba kwenyewe huchukua siku au miaka, wala hakuna jicho linaloweza kukuona.

Mtoto anayeamia ndege katika shamba la mtama akizungusha kombeo, jiwe huchora duara kubwa, lakini ngumi iliyoshika kamba nayo huvutwa ikachora duara dogo. Vivyo hivyo nyota na sayari huzunguka kitovu kimoja cha uzito, kilicho karibu zaidi na nyota. Nyota inapokuja upande wa Dunia mwanga wake huelekea kidogo kwenye buluu, na inapokwenda mbali huelekea kwenye nyekundu, badiliko liitwalo athari ya Doppler, linalopimwa kwa spektrografu, yaani chombo kinachoutawanya mwanga kama upinde wa mvua na kuonyesha mistari myembamba myeusi iliyomo. Mshtarii huliyumbisha Jua kwa mita 12 hivi kwa sekunde; Dunia, kwa sentimita 9 tu, mwendo wa kobe. Ndiyo maana sayari ya kwanza kupatikana hivi kwenye nyota inayofanana na Jua, iliyotangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz, ilikuwa kubwa, tena inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi kwa siku 4 na ushei.

Tanzania ina mfano wake. Nyota WASP-71, iliyopewa jina la Mpingo mwaka 2019, ina sayari iitwayo Tanzanite, ambayo iligunduliwa kwa kivuli chake ilipopita mbele ya nyota, lakini uzito wake, zaidi ya mara mbili ya Mshtarii, ulijulikana kwa kuyumba tu: Mpingo husukwasukwa kwa zaidi ya mita 200 kwa sekunde katika kila mzunguko wa siku 2.9.

Mwenye hamu na aache kuhesabu nyota zinazometa. Vipimo vya spektrografu vimewekwa wazi kwenye intaneti, kompyuta ya kawaida hutosha kuvichora na kutafuta mzunguko unaojirudia, na darubini ya sentimita 10 huifikia Mpingo mwanzoni mwa Desemba, mnamo saa nne usiku, ikiwa karibu na utosi wa Singida, mawingu yakiruhusu.