Navis na Nahodha: Undugu wa Maneno na Jazanda ya Chombo

Bila shaka umewahi kukutana na jibu la mtahiniwa lisemalo, "Chombo ni taifa na nahodha ni kiongozi," kisha basi. Jazanda hii ni kongwe. Hebu tuifuate kupitia neno la Kilatini, navis.

Navis ni merikebu au jahazi, chombo cha baharini. Mtumbwi wa mtoni Warumi waliuita linter. Navis longa, yaani merikebu ndefu, ilikuwa ya vita, na navis oneraria ya shehena. Mzizi wake ni wa kale kuliko Kilatini chenyewe: Wagiriki walisema naus, Kisanskriti kina nau, na Kiajemi nav. Waajemi waliunganisha nav na khuda, yaani bwana au mwenye, wakapata nakhuda, "mwenye chombo". Neno hilo likapitia Kiarabu hadi pwani yetu, nasi tukapata nahodha. Tahadhari hapa: nahodha halikutokana na navis. Silabi yake ya kwanza na navis ni ndugu tu, wazazi wao wakiwa wamoja.

(Aliyeshika usukani wa navis aliitwa gubernator. Neno hilo lilipita Ulaya likatufikia kama gavana, kwa hivyo gavana "kushika usukani" wa kaunti ni sitiari iliyorudi kwao.)

Sasa tuje kwenye uhakiki. Horace, aliyefariki mwaka wa 8 K.K., ana shairi analoiambia navis iliyopigwa na tufani irudi bandarini. Halitaji taifa popote. Quintilian, mwalimu wa balagha wa karne ya kwanza B.K., alilisoma kama istiara: navis ni jamhuri, mawimbi na tufani ni vita vya wenyewe kwa wenyewe, bandari ni amani na maafikiano. Roma ilikuwa imevipitia vita hivyo, hivyo muktadha ulimuunga mkono. Hata hivyo, wako wahakiki wa baadaye waliomwona mwanamke katika chombo kile kile.

Tazama alivyofanya Quintilian. Hakukomea kwenye chombo; alilipa kila wimbi kazi yake. Basi mtahiniwa akikuandikia kuwa chombo ni taifa, muulize: mawimbi ni nini, bandari ni ipi, na ni mshororo upi unaomruhusu kusema hivyo? Akikosa la kujibu, huenda mshairi alikuwa akizungumzia ndoa, au jahazi tu.