Tangi Jipya Lahitaji Kutakaswa

Mteja wa Kiboriloni anaponunua tangi la plastiki, huamini kuwa ni safi kwa sababu halijatumika. Hata hivyo, tangi hilo limekaa dukani penye vumbi, na fundi aliyelitoboa ili kuunga mabomba ameacha mabaki ndani. Klorini kidogo iliyomo katika majisafi ya mamlaka huweza kumalizwa na uchafu huo, na vimelea vikasalia. Ikumbukwe kuwa mabomba na tangi vilivyo baada ya dira ni dhamana ya mteja mwenyewe.

Kwa hiyo tunashauri tangi litakaswe kwanza. Osha ndani kwa brashi yenye mpini mrefu, kisha suuza. Jaza nusu, kwa kila lita 1,000 za ujazo wa tangi, tia lita 1.5 za klorini ya maji, ile ambayo wengi huiita jiki, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5. Soma kibandiko. Malizia kujaza, fungua kila bomba la nyumba hadi harufu ya klorini isikike, kisha funga. Acha kwa muda wa saa 12. Maji hayo yasinywewe wala kupikiwa. Hatimaye yamwage, mbali na bustani, mifereji na maji ya mifugo. Suuza, ujaze upya.

Vaa glavu, na kamwe usichanganye klorini na dawa ya kusafishia choo: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.