Nafsi ya Kwanza Katika Mwaka wa 2112

Wazee wengi, wanaposikia muziki wa roki, husikia kelele tu, nao vijana huipenda kelele hiyo kwa kuwa wazee huichukia. Hata hivyo, ipo santuri moja yenye makelele mengi ambayo mwanaisimu hana budi kuitegea sikio. Hiyo ni 2112, iliyotolewa mwaka wa 1976 na bendi ya Rush kutoka Toronto, Kanada. Bendi ilikuwa ya watu watatu: Geddy Lee, mwimbaji na mpiga gitaa la besi, Alex Lifeson, mpiga gitaa, na Neil Peart, mpiga ngoma na mtunzi wa maneno.

Santuri yao ya awali, ya mwaka wa 1975, haikuuzwa vyema, na kampuni iliwataka watunge nyimbo fupi za kupendeza redioni. Wao wakajibu kwa wimbo wa dakika 20 uliojaza upande mzima wa santuri!

Katika kisa hicho, baada ya vita vya mwaka wa 2062, sayari zimeunganishwa chini ya dola moja. Makuhani wa Syrinx, wenye kompyuta kubwa hekaluni mwao, ndio waamuao watu wasome nini na waimbe nini. Kijana mmoja analiokota gitaa kuukuu katika pango nyuma ya maporomoko ya maji, analipeleka kwa makuhani akitarajia shukrani, nao wanalivunjavunja. Msomaji wa Kusadikika ya Shaaban Robert atamkumbuka Karama mbele ya baraza. Lakini Karama alipewa nafasi ya kujitetea hadi akashinda. Kijana huyu hasikilizwi, na hatimaye anajitoa uhai.

Lililonivutia zaidi ni pale pangoni. Lifeson hapigi wimbo mara moja. Anagusa uzi mmoja, kisha mwingine, anazikaza nyuzi hizo hadi zikubaliane, na polepole muziki unazaliwa, kama mtoto anavyotoka kwenye sauti kwenda kwenye silabi, na kutoka silabi kwenda kwenye neno. Sauti ya Lee nayo hapo ni ya upole, ilhali makuhani anawaimba kwa ukelele mkali. Isitoshe, makuhani husema kwa nafsi ya kwanza wingi. Kijana husema kwa umoja.

Jambo hilo lina asili yake. Peart alimshukuru hadharani mwandishi Ayn Rand, ambaye riwaya yake Anthem, ya mwaka wa 1938, yasimulia jamii iliyolipoteza neno lenye maana ya "mimi". Dikteta wa Waswahili angekuwa na kazi ngumu zaidi. Kulifuta neno "mimi" hakungemfaa kitu, kwa kuwa nafsi yenyewe imejificha ndani ya kitenzi: nasema, nilisema, nitasema.

Kwa sababu ya Rand, gazeti moja la muziki la Uingereza liliwashutumu Rush mwaka wa 1978 kuwa na mielekeo ya kifashisti. Shutuma hizo zilikuwa za kikatili, hasa ikizingatiwa kwamba wazazi wa Lee walikuwa Wayahudi walionusurika katika kambi za Wanazi. Lakini falsafa ya Rand ya mtu kujitosheleza siikubali, na naona kisa chenyewe chaikanusha. Gitaa lile halikuundwa na kijana. Lilirithiwa kutoka kwa watu wa kale. Tena alipojua kulipiga, wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapa wengine. Peart mwenyewe, aliyefariki Januari 2020, alijitenga na Rand miaka ya baadaye.

Wimbo unaishia kwa vurugu za vita na sauti inayotangaza kwamba utawala umetwaliwa. Peart alikusudia kwamba watu wa kale wamerudi kukomboa sayari zao. Msikilizaji asiyeambiwa hivyo anaweza kudhani ni makuhani wanaokaza kamba, kwa kuwa mtangazaji naye anasema kwa nafsi ya wingi, na hajitaji ni nani.