MASWALI YA WANAFUNZI JUU YA UDONGO

Makatibu wanaosimamia madarasa ya wanachama huulizwa mara kwa mara maswali matatu juu ya hifadhi ya ardhi. Yafaa yajibiwe hivi.

La kwanza: Mvua ni neema, yawezaje kuharibu shamba? Onyesha kwa vitendo. Jaza udongo wa aina moja katika masanduku mawili, uyainamishe sawasawa, na moja ulifunike kwa majani makavu. Nyunyizia yote maji kwa kopo lenye matundu. Penye udongo mtupu maji yatatiririka yakiwa tope, kwa kuwa matone huupiga na kuuvunja. Penye majani yatatoka safi zaidi.

La pili: Je, mbolea haitoshi kufidia hasara? Haitoshi. Mbolea huongeza chakula cha mmea, lakini hairudishi kina cha udongo kinachohifadhi maji na kushika mizizi.

La tatu: Ardhi iliyoharibika yaweza kupona? Yaweza, ila kwa gharama. Huko Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka. Nyasi na miti viliota tena. Lakini wafugaji ndio waliobeba mzigo wa kutengana na ng'ombe wao.

Wanafunzi wasifichwe habari hiyo ya mwisho. Kuchimba makinga maji leo ni kazi ya jembe tu. Anayengoja korongo huenda akalipa kwa zizi lake.