Basi Bado Lipo, Lakini Si Kama Ulivyolizoea



Kama huna gari, basi ndilo linalokufikisha kazini, dukani na hospitali. Korona ilipoenea mwezi Machi 2020, usafiri wa umma hapa Marekani ulibadilika sana. Makala hii inaeleza sababu, na namna ya kujipanga usije ukaachwa kituoni.

Kwa nini safari zilipungua

Ofisi na shule zilipofungwa, watu wengi walibaki nyumbani. Kufikia Aprili 2020, abiria nchini kote walikuwa wamepungua kwa karibu asilimia 80. Nauli zilipotea, na madereva wengi waliugua, wengine walifariki. Serikali ya Marekani ilitoa dola bilioni 25, kisha bilioni 14 nyingine mwezi Desemba, ili mabasi na treni zisisimame kabisa.

Hata hivyo, miji mingi ilipunguza safari. Huko New York, treni za chini ya ardhi zilizokuwa zikienda saa 24 zilianza kufungwa usiku Mei 2020. Treni nyingi za Amtrak za masafa marefu zilipunguzwa mwaka 2020 zikawa zinaenda siku 3 tu kwa wiki.

Walioendelea kupanda walikuwa wale ambao kazi zao hazifanyiki nyumbani: viwanda vya nyama, maghala, usafi, kutunza wagonjwa. Wengi wetu tulikuwamo humo.

Kabla ya kutoka

Usitegemee ratiba ya mwaka jana. Angalia ratiba usiku wa kuamkia safari, au piga simu kwa kampuni ya mabasi. Unaweza kusema tu, "Swahili, please," ukaomba mkalimani bila malipo. Kumbuka pia kwamba 5:00 AM kwenye ratiba ni saa 11 alfajiri.

Ikiwa basi lako la alfajiri limeondolewa, mwambie msimamizi wako mapema, kabla hujachelewa. Huenda akakubadilishia zamu au akakuunganisha na mwenzako mwenye gari.

Basi likikupita

Wakati wa korona, katika miji mingine, idadi ya abiria ilikuwa na kikomo ili watu wakae mbalimbali. Basi lilipojaa kwa hesabu hiyo, dereva alipita hata kama uliona viti vitupu. Haikuwa dharau. Ukiweza, toka nyumbani mapema upate nafasi ya kusubiri basi linalofuata.

Barakoa ilikuwa sheria

Kuanzia usiku wa Februari 1, 2021, hadi mwaka 2022, barakoa ilikuwa lazima nchini kote katika mabasi, treni, ndege, teksi, vituo na viwanja vya ndege. Ilitakiwa ifunike pua na mdomo. Kitambaa kilitakiwa kiwe cha tabaka mbili au zaidi. Kujitanda kanga au skafu usoni hakukutosha. Watoto walio chini ya miaka 2 hawakulazimika. Aliyekataa aliweza kushushwa, na mwanzoni faini ilianzia dola 250.

Kwenda kwa daktari

Kama una Medicaid na huna njia ya kufika kwa daktari, bima hiyo hulipia usafiri. Omba siku kadhaa kabla ya miadi. Usiache kwenda kliniki kwa sababu tu basi limeondolewa.

Ndugu wanaokuja

Safari za wakimbizi zilisimamishwa Machi 2020, zikaanza tena Juni. Kuanzia Januari 26, 2021, kila abiria wa ndege aliyeingia Marekani, mwenye miaka 2 au zaidi, alilazimika awe amepimwa korona ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka na kuonekana hana, au awe na uthibitisho kwamba ameugua na kupona; sharti hilo liliondolewa mwaka 2022.

Mwisho, ukiwa na homa au kikohozi, usipande basi. Piga simu kazini, kisha mpigie mhudumu wa familia yako hapa kwetu. Tutatafuta njia pamoja.