Poda Nyeupe ya Chokaa: Ipi ya Meno, Ipi ya Ukuta?

Iwe uko Kimumu, Munyaka, Marura au kule juu njia ya Iten, karibu uketi nasi kwa dakika chache. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, maana mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho huenda kiko nyumbani mwako wakati huu: poda nyeupe ya chokaa.

Kuna maelezo yanayopitishwa kwa simu kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine, ya kutengeneza dawa ya meno nyumbani. Yanasema chukua poda ya chokaa, changanya na maji na chumvi kidogo, piga mswaki. Tunaulizwa: je, ni kweli? Inafaa kwa mtoto? Jibu ni kwamba inategemea poda hiyo ni ipi, kwa sababu hapa kwetu neno "chokaa" limebeba vitu vitatu, na viwili kati ya hivyo vinaweza kumpofusha mtoto.

Tuanze na cha kwanza. Chimba jiwe la chokaa, kama yale yanayochimbwa Koru, Kaunti ya Kisumu, ulisage bila kulichoma. Unapata kalisi kaboneti. Hii ndiyo chokaa ya shamba ambayo wakulima wa Uasin Gishu huhimizwa kunyunyiza kwa sababu udongo wetu una asidi nyingi na mahindi hayaupendi. Ndiyo pia inayouzwa kwenye agroveti kwa ajili ya kuku wa mayai. Ganda la yai lenyewe karibu lote ni kalisi kaboneti. Ikisafishwa vizuri na kusagwa laini kabisa, hutiwa kwenye vidonge vya kutuliza kiungulia na kwenye dawa nyingi za meno za dukani. Kwa hiyo wanaosema chokaa husafisha meno hawajasema uongo.

Sasa chukua jiwe lile lile ulichome kwenye tanuri, moto wa nyuzi 900 hivi. Hewa ya kaboni inatoka na kinachobaki ni kitu kingine, kikali, ambacho ukikimwagia maji kinachemka chenyewe bila moto. Hicho ni cha pili. Kikishazimwa kwa maji kinakuwa cha tatu: chokaa ya kupaka ukutani, ile ya mfuko wa duka la vifaa vya ujenzi, ambayo watu wengine huimwaga pia chooni ili kupunguza harufu. Ukitazama kwa macho, chokaa hii na ile ya kwanza zote ni nyeupe, zote ni laini, na zote huitwa chokaa. Lakini ya ukutani huunguza ngozi, mdomo na koo, na ikiingia jichoni huendelea kula jicho hata baada ya mtoto kunyamaza kulia.

Kwa hivyo mama, usinunue poda kwa jina la mtaani. Soma mfuko. Ile isiyochomwa huandikwa Calcium Carbonate, au kwa herufi za kemia CaCO3. Ukiona Hydroxide, Hydrated Lime, Oxide au Quicklime, hiyo si ya mdomo kamwe. Kama imepimwa kwenye karatasi ya nailoni isiyo na maandishi, iache hapo hapo dukani. Kuna wanaosema dondoshea ndimu, ikitoa povu ni salama. Si kweli. Chokaa ya shamba hutoa povu na bado ina uchafu wa machimboni, pengine hata madini ya risasi. Chokaa ya ukutani iliyokaa wazi muda mrefu nayo hutoa povu, kwa kuwa imeanza kurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa. Na usiijaribu kwa ulimi.

Tuseme ajali imetokea. Fundi anapaka nyumba, mtoto ametia mkono kwenye ndoo na kujipangusa macho. Pangusa haraka poda kavu iliyo usoni kwa kitambaa, kisha mwoshe jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, maji yakitoka upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili. Osha angalau dakika 20 kwa saa, wala si kwa kukisia. Atapiga kelele, endelea. Usimtie ndimu, siki, wala maziwa ya mama. Halafu mpeleke hospitali mara moja. Kwa watu wa Kimumu, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi iko mjini Eldoret na ina madaktari wa macho. Kama ameimeza, msukutue mdomo, usimlazimishe kutapika, na uende na mfuko wenyewe ili daktari ausome.

Haya, turudi kwenye meno.

Kazi ya kalisi kaboneti mdomoni ni kusugua, basi. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa kipimo cha 1 hadi 10. Kalisi kaboneti iko kwenye 3, ganda la nje la jino kwenye 5, na mchanga kwenye 7. Ndiyo maana chokaa safi huondoa utando bila kulikwaruza ganda la jino, lakini mchanga, au jivu lenye mchanga, hulila pole pole. Sehemu ya jino iliyo chini ya ufizi ni laini zaidi, kwa hiyo nyanya ambaye fizi zake zimeshuka asisugue kwa nguvu hata kwa chokaa iliyo safi. Na ganda la yai lililotwangwa kwenye kinu? Hapana. Hata ulitwange vipi, chembe zake hubaki kubwa na zenye ncha. Wape kuku.

Ukitaka kutengeneza, mwulize mwenye kemisti kalisi kaboneti ya daraja la dawa, iliyofungwa na kuandikwa tarehe. Vijiko viwili vya mezani vya poda, nusu kijiko cha chai cha magadi ya kuokea, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo hadi iwe kama uji mzito. Ukipata gliserini, matone machache yataizuia isikauke. Usitie asali wala sukari kwa ajili ya utamu, maana hapo utakuwa unawalisha wadudu wale wale unaotaka kuwaondoa. Tengeneza ya siku tatu au nne tu kwa sababu haina kitu cha kuizuia kuharibika, na kila mtu achote kwa kijiko safi. Miswaki mitano ikichovywa kwenye kikopo kimoja, mmegawana pia magonjwa ya mdomoni.

Lakini sikiliza jambo hili, maana ndilo kubwa la leo. Dawa hiyo ya nyumbani husafisha, hailindi. Kinacholinda jino lisitoboke ni floraidi, na haimo katika poda yako. Shirika la Afya Duniani linashauri dawa ya meno yenye floraidi, kipimo cha 1000 hadi 1500 kinachoandikwa kwa herufi ppm, mara mbili kwa siku. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza dawa ya meno ya floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na zile za malaria na nyinginezo unazozijua. Mtoto anayekunywa chai ya sukari asubuhi na kula biskuti jioni, akasuguliwa kwa chokaa peke yake, atakuwa na meno meupe yanayotoboka.

Najua kuna mama anasema, "Lakini floraidi ndiyo iliyoharibu meno ya watu wa Nakuru!" Ni kweli kwa sehemu. Katika Bonde la Ufa, hasa pande za Nakuru, Naivasha na Baringo, maji ya visima vingi yana floraidi kupita kiasi. Mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vinavyoupita mara kadhaa. Mtoto akiyanywa maji hayo kila siku kuanzia utotoni hadi miaka 8 hivi, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, hutoka na madoa ya kahawia. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa ajili ya tatizo hilo. Hata hivyo maji ya kunywa lita nzima ni jambo moja, na dawa kidogo inayotemwa ni jambo jingine. Na madoa hayo yako ndani ya ganda la jino. Kuyasugua kwa chokaa au makaa hakutayatoa, kutalimaliza ganda tu.

Basi kiasi ndicho siri. Tangu jino la kwanza hadi miaka mitatu, paka kwenye mswaki kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha njegere. Mzazi apake mwenyewe, amsaidie mtoto kupiga mswaki, na mtoto ateme bila kusukutua kwa maji mengi. Zile picha za matangazo zinazoonyesha dawa imejaa mswaki mzima zipuuze. Aliyezipiga anauza dawa.

Hapa ndipo hoja ya pesa inapobadilika. Wengi wanakimbilia chokaa kwa kuwa dawa ya dukani, ile ambayo sisi wote huiita Colgate hata ikiwa ya kampuni nyingine, inaonekana ghali. Punje ya mchele ina uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya gramu. Mara mbili kwa siku ni sehemu mbili za kumi. Bomba dogo la gramu 35 litamtosha mtoto huyo siku 175, yaani karibu miezi sita. Wa njegere atalitumia siku 70. Piga hesabu hiyo kabla hujamnunulia soda moja.

Onyo moja dogo: usichanganye poda yako na dawa ya dukani ili iongezeke. Kalisi huishika floraidi ya aina nyingine na kuifunga isifanye kazi. Viwandani wanaotumia chokaa huchagua floraidi ya aina maalumu isiyoshikwa upesi. Wewe jikoni huwezi.

Kwa mama mjamzito: usilambe poda hii ukidhani ni kalisi ya mtoto. Kama unahitaji kalisi, kliniki itakupa vidonge vilivyopimwa. Usivimeze pamoja na vile vya kuongeza damu. Achanisha kwa saa kadhaa, kwa kuwa kalisi huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri.

Mengine ya nyumbani ni mepesi. Poda ya kalisi kaboneti pamoja na sabuni na maji husugua sufuria na sinki bila kukwaruza kama mchanga. Ukiongeza siki utaona povu la kupendeza, lakini vitu hivyo viwili vimeuana na hakuna kilichobaki cha kusafisha. Maganda ya mayai yachemshe dakika 10, yaanike, yatwange, uwawekee kuku kwenye chombo chao peke yake. Kuku anajua kiasi anachohitaji. Chaki ya darasani usidhani ni kitu hicho hicho, nyingi hutengenezwa kwa jasi. Unapomimina poda yoyote fanya hivyo polepole, mtoto akiwa mbali, ili vumbi lisiingie vifuani. Isikae kwenye mkebe wa unga wala chupa ya soda. Andika jina, weka juu.

Na ule ukoko mweupe ndani ya birika, kwa wanaotumia maji magumu ya kisima? Ni kalisi kaboneti pia, imerudi kuwa jiwe. Hapo ndipo ndimu ina kazi: kamulia mbili ndani ya maji, chemsha, acha yapoe, mwaga, suuza mara mbili, kisha pika chai yako.

Kwaherini hadi wiki ijayo.